Kufuli Jipya Katika Mlango Mbovu: Kufundisha Mjadala juu ya Programu za Faragha na Kompyuta Kuukuu

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikwenda kumkagua mwanafunzi-mwalimu mmoja katika shule ya msingi iliyopo hapa Chang'ombe. Baada ya kipindi tulikaa ofisini kulijadili andalio lake la somo. Mezani palikuwa na kompyuta ya zamani iliyotumia Windows 7. Mwanafunzi huyo alikuwa amepewa kazi ya kuandika ndani yake orodha ya watoto wa darasa lake: majina, namba za simu za wazazi, nani ni yatima, nani anakunywa dawa kila siku na ya ugonjwa gani. Orodha hiyo aliipeleka kwa mwalimu wa darasa kwa programu ya kutumiana ujumbe, ile ambayo hufunga maneno yasisomeke njiani. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni salama?" Nikamjibu bila kufikiri, "Ni salama, kwa sababu ujumbe umefungwa."

Jibu langu lilikuwa na kosa. Wiki chache baadaye fundi aliyeitwa kuitazama kompyuta ile alikuta kwamba imeingiliwa na virusi tangu zamani. Ujumbe ulifungwa njiani, ni kweli. Lakini mashine ambamo maneno yaliandikwa kabla ya kufungwa ilikuwa wazi. Hatukuweza kujua kama yupo mtu aliyeiona orodha ya watoto wale, na hata leo hatujui.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, ni kumpa mwanafunzi-mwalimu maarifa ya kutosha juu ya swali linalojadiliwa sana na mafundi wa kompyuta: je, programu zinazolinda faragha ziendelee kuhudumia mashine zilizopitwa na wakati, au ziziache? Pili, ni kuonyesha namna ya kulifundisha swali hilo katika Darasa la Sita, hata pale ambapo shule haina kompyuta hata moja.

Maana ya Maneno

Yafaa tuanze kwa kukubaliana juu ya maneno matatu. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiendesha mashine yenyewe na kuzibeba programu nyingine zote. Mathalani Windows katika kompyuta na Android katika simu nyingi. Programu ya faragha ni programu ambayo kazi yake ni kuzuia mtu asiyehusika asisome au asifuatilie mambo ya mwenye mashine. Kiraka ni sehemu ndogo ya programu inayotolewa na mtengenezaji ili kuziba tundu lililogunduliwa baada ya programu kuanza kutumika.

Mfumo endeshi huitwa uliopitwa na wakati, si kwa sababu sura yake ni ya kizamani, bali kwa sababu mtengenezaji ameacha kuutolea viraka. Windows XP iliyoanza kuuzwa mwaka 2001 iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine hizo hazikuzima siku hizo. Ziliendelea kuwaka na kupiga chapa kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtumiaji haoni badiliko lolote.

Kwa Nini Kiraka ni Muhimu

Mfano mmoja watosha. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika mifumo yake iliyokuwa bado ikihudumiwa. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilohilo na kuzifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, ambako baadhi ya wagonjwa walirudishwa nyumbani bila kutibiwa. Waliokuwa wameweka kiraka hawakupatwa na madhara hayo. Waliokuwa nacho karibu lakini hawakukiweka walipatwa. Wenye Windows XP hawakuwa wametolewa kiraka kwa umma mpaka maafa yalipokwisha kuingia, ndipo Microsoft ikawatolea kwa dharura. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tutazame uhusiano wa jambo hili na programu za faragha. Programu ya faragha hukaa juu ya mfumo endeshi kama mpangaji akaavyo katika nyumba ya mtu. Herufi zinazoandikwa hupita kwanza katika mfumo endeshi. Ufunguo wa kufungia ujumbe hutunzwa na mfumo endeshi. Picha inayoonekana katika kioo huchorwa na mfumo endeshi. Iwapo mwizi amekwisha kuingia humo, atayasoma maneno kabla hayajafungwa. Hilo ndilo lililokuwa kosa la jibu langu pale ofisini: nilisifu kufuli bila kuutazama mlango.

Hoja za Wanaotaka Mashine Kuukuu Ziachwe

Hoja ya kwanza ni hiyo tuliyokwisha kuieleza. Wanaoishika husema kwamba kuendelea kuhudumia mashine mbovu ni kumpa mtumiaji matumaini ya uongo, na mtu mwenye matumaini ya uongo husema siri ambazo asingezisema kama angejua hali ilivyo.

Hoja ya pili ni ya nguvu kazi. Kila toleo la mfumo endeshi linalohudumiwa linahitaji kujaribiwa upya kila mara programu inapobadilishwa. Programu nyingi za faragha hutengenezwa na mashirika madogo yanayoishi kwa michango. Saa inayotumika kuitibu mashine ya miaka 15 huondolewa katika kuzilinda mashine za watu wengine wote.

Hoja ya tatu mara nyingi husahauliwa. Faragha ya mazungumzo ni ya wote wanaozungumza. Kikundi cha wazazi 60 kinapotumiana habari za watoto, siri yao haina nguvu kuliko ile simu iliyo dhaifu kuliko zote kikundini. Kwa hiyo mwenye simu kuukuu hajihatarishi peke yake.

Hoja za Wanaotaka Mashine Kuukuu Ziendelee Kuhudumiwa

Upande wa pili nao una hoja nzito. Kwanza, mwenye mashine kuukuu hakuichagua kwa ukaidi. Aliinunua Kariakoo kwa fedha aliyokuwa nayo, au alirithishwa na ndugu yake. Mara nyingi simu yenyewe bado ni nzima. Ni kampuni iliyoitengeneza ndiyo iliyoacha kuipelekea matoleo mapya ya Android. Kumwadhibu mnunuzi kwa kosa la muuzaji si haki.

Pili, anayefungiwa mlango na programu ya faragha haachi kuwasiliana. Hurudi katika njia isiyo na ulinzi wowote, kama vile ujumbe mfupi wa kawaida wa simu. Je, kufuli katika mlango mbovu si bora kuliko mlango usio na kufuli kabisa?

Tatu, programu nyingi za mifumo hii zimefungwa kwa haki za mwenyewe. Fundi wa magari hapa Chang'ombe akikosa kipuri cha lori la zamani, huchukua kile kilichovunjika akachonga kingine mfano wake, na lori likarudi barabarani. Mwenye Windows 7 hawezi kufanya hivyo, kwa sababu maandishi asilia ya mfumo huo yako mikononi mwa kampuni peke yake. Aliyezuia wengine wasitengeneze, husema watu hawa, hana budi kutengeneza yeye mwenyewe.

Wengine Walivyofanya

Kabla ya kutoa maoni, tutazame mifano ya waliolazimika kuamua.

WhatsApp, ambayo tangu Aprili 2016 hufunga ujumbe wa watumiaji wake wote, iliacha kuzihudumia simu za Android toleo la 2.3.7 na yaliyotangulia tarehe 1 Februari 2020. Tangu hapo imekuwa ikipandisha kiwango hicho kila baada ya muda.

Watengenezaji wa Tor Browser, kivinjari kinachoficha mahali atokapo msomaji wa intaneti, walitoa toleo la 14.0 mwezi Oktoba 2024. Toleo hilo halikukubali tena Windows 7, 8 wala 8.1. Hata hivyo hawakuwatupa watu hao siku hiyohiyo. Toleo la nyuma yake, 13.5, waliliacha likiendelea kupata viraka vya usalama kwa muda, bila kuongezewa jambo jipya, huku wakiwahimiza watumiaji wahame.

Mfano wa tatu unahusu simu za watu wa hali ya chini. Let's Encrypt, huduma isiyo ya faida iliyoko Marekani, hutoa bure hati ambazo kwazo tovuti hujitambulisha na kufunga mazungumzo yake na msomaji. Simu huzikubali hati hizo iwapo inamfahamu mdhamini aliyezitia sahihi. Mdhamini wa zamani aliyetumika alikuwa afikie mwisho wa muda wake tarehe 30 Septemba 2021, na simu za Android za kabla ya toleo la 7.1 hazikumfahamu mdhamini mpya. Mwezi Novemba 2020 huduma hiyo ilitangaza kwamba, kwa takwimu ilizokuwa nazo, asilimia 33.8 ya simu za Android zilikuwa za namna hiyo. Kuzifungia theluthi nzima lilikuwa jambo zito. Mwezi Desemba 2020 ikapata njia ya kutiwa sahihi kwa miaka mitatu zaidi ambayo simu hizo zingeikubali, na huduma ikaendelea hadi Septemba 2024. Kisha ikakoma.

Maoni ya Mwandishi

Kwa mtazamo wangu, swali la "ziendelee au ziachwe" halitoshi. Hakuna programu inayoweza kuihudumia mashine milele, na anayeahidi hivyo hasemi kweli. Swali lililo bora ni hili: mwisho huo uje kwa namna gani?

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tumewahi kuona namna hiyo. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa katika jiji letu. Televisheni kuukuu hazikutupwa jalalani. Ziliongezewa king'amuzi zikaendelea kutazamwa. Tangazo lilitolewa mapema, na njia ya kuvukia ilikuwapo, ingawa wenye kipato kidogo walilalamikia bei ya chombo hicho, na malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Kwa kipimo hicho, mtengenezaji wa programu ya faragha ana wajibu mara tatu: kutangaza mwisho mapema na kwa lugha inayoeleweka, kuendelea kuziba matundu makubwa kwa muda maalumu bila kuongeza mapambo, na kuandika wazi mbele ya mtumiaji kwamba mashine yake si salama tena. Akitimiza hayo, ana haki ya kuacha. Akiacha ghafla, amewadhulumu maskini. Akiendelea kimya kimya huku akijua mlango umeoza, amewadanganya.

Lakini sisi walimu nasi tuna wajibu wetu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa zihusuzo watoto katika kundi la taarifa nyeti. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Mtoto ambaye ugonjwa wake umeandikwa katika kompyuta ya ofisi hakuulizwa kama mashine hiyo bado inapata viraka. Mwalimu ndiye wa kuuliza kwa niaba yake. Aidha, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, navyo vitazeeka kama vyombo vingine vyote. Kila mwenye kishikwambi yampasa ajue toleo la Android lililomo na tarehe ya kiraka chake cha mwisho. Habari hizo huandikwa katika sehemu ya mipangilio.

Mashine kuukuu si lazima itupwe. Yaweza kuondolewa katika intaneti ikabaki kupiga chapa mitihani na maazimio ya kazi. Pengine yaweza kuwekewa mfumo endeshi ulio wazi, kama vile Linux, ambao baadhi ya aina zake bado huhudumia kompyuta za zamani na kutolewa viraka bila malipo. Lisilofaa ni kuitunzia siri za watoto.

Namna ya Kufundisha: Darasa la Sita, Vipindi Viwili vya Dakika 40

Lengo: mwanafunzi aweze kueleza kwa nini mashine isiyotengenezwa haiwezi kutunza siri, na aweze kutoa hoja moja ya kila upande.

Zana: sanduku la karatasi ngumu lenye kufuli mbele na tundu nyuma, ubao, chaki, na karatasi ndogo za hoja. Kompyuta haihitajiki.

Maandalizi ya nyumbani: siku moja kabla ya somo, waagize wanafunzi wawaulize wazee wao jinsi televisheni ya analojia ilivyozimwa, nani aliumia na nani alisaidiwa.

Hatua ya Kwanza (dakika 15). Weka sanduku mezani, tundu lisionekane. Mwite mwanafunzi mmoja aandike neno la siri, alitie sandukuni na kufunga kufuli. Uliza darasa, "Siri ya mwenzenu iko salama?" Wengi watajibu ndiyo. Kisha mwite mwingine aitoe karatasi kwa nyuma. Usieleze jambo lolote kwa dakika moja, waache wazungumze. Ndipo uulize: kufuli lina kosa gani? Baada ya mabishano mafupi watatambua kwamba kufuli halina kosa.

Hatua ya Pili (dakika 25). Eleza maneno mfumo endeshi, programu ya faragha na kiraka kwa kulitumia sanduku hilohilo. Ziba tundu kwa karatasi na gundi, useme, "Hiki ndicho kiraka." Kisha uliza: fundi wa kuziba akifariki au akikataa kuja, nani ataziba? Wasikilize habari walizoleta za televisheni na king'amuzi.

Hatua ya Tatu (dakika 25, kipindi cha pili). Ligawe darasa katika makundi matatu: watengenezaji wa programu, wenye simu kuukuu, na wazazi ambao habari za watoto wao zimo katika simu za wengine. Kundi la tatu ni la lazima. Bila hilo mjadala huwa ugomvi kati ya tajiri na maskini, na mtoto husahauliwa. Kila kundi lichague msemaji, na kila msemaji aanze kwa kurudia hoja ya aliyemtangulia kabla ya kutoa yake.

Hatua ya Nne (dakika 15). Darasa lisipige kura. Badala yake liandike ubaoni mapatano matatu: mtengenezaji afanye nini, mwenye simu afanye nini, shule ifanye nini. Wanafunzi wayanakili katika madaftari.

Makosa ya Kuepuka

La kwanza ni kumwaibisha mtoto ambaye kwao wana simu ya zamani. Usiulize kamwe nyumbani kwa nani kuna simu gani. La pili ni kuwatisha watoto hadi wakaogopa kila chombo. La tatu ni kufundisha matumizi ya programu ambayo mwalimu hajui kanuni zake. Kwa mfano, mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Somo letu ni la kufikiri, si la kuweka programu. La nne ni lile langu mwenyewe: kujibu upesi "ni salama" ili kipindi kiendelee.

Hitimisho

Nilirudi katika shule ile baadaye. Mwalimu mkuu alikuwa ameamua kwamba orodha ya afya za watoto iandikwe kwa mkono katika daftari moja linalofungiwa kabatini, na ufunguo ukae kwake. Kompyuta kuukuu ilikuwa bado mezani, ikipiga chapa mtihani wa Hisabati, waya wa intaneti umeondolewa. Mwanafunzi-mwalimu wangu aliniuliza kama huko si kurudi nyuma. Nilimwambia kwamba shule haikurudi nyuma. Imejua umri wa mashine yake na kuipa kazi inayoiweza. Safari hii nilifikiri kwanza kabla ya kumjibu.

Maswali ya Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya ujumbe uliofungwa njiani na mashine iliyo salama.
2. "Kufuli katika mlango mbovu ni bora kuliko kukosa kufuli." Jadili, ukitumia mfano wa shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha.
3. Linganisha namna Tor Browser na Let's Encrypt zilivyowaaga wenye mashine za zamani. Ni ipi iliyotimiza wajibu wake vizuri zaidi, na kwa nini?
4. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Tano juu ya kutunza siri ya mwenzako, bila kutumia kompyuta.
5. Chunguza chombo kimoja unachotumia kutunzia habari za wanafunzi. Kiraka chake cha mwisho ni cha tarehe gani? Utafanya nini baada ya kujua hivyo?